Silanga la udongo au kisima kirefu: kijiji kichague kipi?

Kila mwaka ikifika Januari, mikokoteni ya punda huanza kupita kwetu alfajiri, mitungi ikigongana, na kikao cha maji huitishwa upya. Tuko upande wa Rongai, kaunti ya Nakuru. Kikaoni huwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka tufufue silanga la zamani, yaani bwawa la udongo la kukusanya maji ya mvua, lililoachwa na walowezi, ambalo sasa limejaa tope hadi ng'ombe anavuka bila kulowesha tumbo. Ya pili inataka kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, chenye pampu ya sola na tangi juu ya mnara. Nimekaa kwenye kamati ya maji kwa miaka kadhaa. Nimeona michango ya watu wasio na kitu ikimwagwa mahali pasipofaa, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Msimamo wangu nautoa mapema. Katika sehemu kubwa ya Nakuru, uamuzi huu hauanzi na bei. Unaanza na chupa ya sampuli na shimo la majaribio: chupa ya kupima maji ya visima vilivyo jirani, na shimo la kupima udongo pale silanga linapotakiwa kukaa. Kijiji kikiruka hatua hizo mbili, hata fundi hodari hawezi kukiokoa.

Maji meupe na maji ya rangi ya chai

Mtu akisimama kando ya silanga na kuona maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha akaonyeshwa maji ya kisima yanayong'aa kwenye glasi, hahitaji kushawishiwa. Macho yameshachagua. Bonde la Ufa, hata hivyo, lina siri yake. Maji ya chini ya ardhi hapa yamekaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano, na miamba hiyo huyapa floraidi. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa maji ya kunywa, kwa Shirika la Afya Duniani na pia Kenya, ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nakuru vinapita hapo, vingine kwa mbali sana.

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Dalili yake tunaiona kwa watoto wetu: meno yenye madoa ya kahawia, yanayochimbika kama chokaa iliyonyeshewa. Meno hayo yaliharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, na hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyarudisha. Kiwango kikiwa kikubwa na mtu akanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa, mgongo na magoti yakauma.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke nayo inabaki sufuriani. Dawa ya klorini haiigusi. Kuna njia ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanyia kazi kwa miaka mingi, lakini mkaa huo huchoka. Lazima ubadilishwe kwa wakati na mtu awe anapima. Kijiji kisichoweza kubadilisha bomba lililopasuka kwa wiki mbili kisijidanganye kuwa kitakumbuka kubadilisha mkaa.

Maji ya silanga ni ya mvua iliyotiririka juu ya ardhi jana au juzi. Hayajapata muda wa kukaa na miamba, kwa hiyo kwa kawaida floraidi yake ni kidogo sana. Ubaya wake ni tope, kinyesi cha mifugo, vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, na dawa za shambani zikitumika mlimani juu yake. Hilo ni tatizo zito na silidharau. Lakini, ukiacha hizo dawa za shambani ambazo dawa yake ni kutozitumia juu ya silanga, mama wa nyumba anaweza kupambana na mengine kwa mikono yake. Anayaacha maji yatulie usiku kucha, au anatia shabu kidogo yashuke tope haraka, anachuja kwa kitambaa safi, kisha anachemsha au anatia klorini. Mpangilio huo asiuvuruge: klorini ikitiwa kwenye maji ya tope huishia kupigana na tope, na vijidudu vinabaki.

Ndiyo maana nasema chupa itangulie. Chukueni maji kutoka visima viwili au vitatu vilivyo karibu, mpeleke maabara, mwombe kipimo cha floraidi kwa jina. Vikiwa chini ya 1.5, kambi ya kisima imepata hoja ya nguvu. Vikiwa juu kwa mbali, kisima chenu kina uwezekano mkubwa wa kufanana na vya majirani. Kitafaa kunyweshea bustani na kufulia, lakini msikihesabu kama maji ya kunywa ya watoto.

Hesabu ambayo kikao huiruka

Watu huuliza silanga litakuwa na ukubwa gani kwa ekari. Ekari haisemi kitu. Pimeni upana wa maji kwenye tuta (ule ukuta wa udongo unaozuia maji), urefu wa maji kurudi nyuma bondeni, na kina cha juu kabisa kwenye tuta, vyote kwa mita. Zidisheni vitatu hivyo kisha mgawe kwa 6. Ni makadirio, lakini yanatosha kuwazuia kuota ndoto.

Tuseme upana ni mita 60, maji yanarudi nyuma mita 100, kina ni mita 4. Hiyo ni 24,000, gawa kwa 6, mnapata mita za ujazo 4,000, yaani lita milioni 4. Kikaoni watu hupiga makofi wakisikia milioni 4. Sasa tuwape matumizi. Familia 80 za watu watano, kila mtu lita 20 kwa siku, ni lita 8,000. Ng'ombe 150 kwa lita 40 ni lita 6,000. Jumla lita 14,000 kwa siku. Ukigawa, unaona siku 285, karibu miezi tisa na nusu, na makofi yanaongezeka.

Jua halijahesabiwa. Kwetu jua na upepo hunyonya maji ya wazi kama milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi. Silanga letu likijaa uso wake ni kama mita za mraba 3,000. Milimita 5 juu ya uso huo ni lita 15,000 kwa siku, zaidi ya kijiji kizima na ng'ombe wake wote. Kwa hiyo siku 285 zinakuwa kama 140, na hapo hatujahesabu maji yanayopenya chini. Uso hupungua kadiri maji yanavyoshuka, kwa hiyo mtapata siku zaidi, ingawa maji yanayopenya chini yatazipunguza tena. Hata hivyo, linalotarajiwa ni miezi minne na nusu au mitano. Kiangazi chetu kikali, Desemba hadi Machi, kinavukika kwa shida. Masika yakichelewa hadi katikati ya Aprili, mikokoteni ya punda inarudi.

Hesabu hiyo inafundisha jambo la ujenzi: silanga jembamba lenye kina hushinda silanga pana la kina kifupi, hata kama ujazo ni sawa. Mnapofukua, ongezeni kina kwanza. Kupanua kingo kunampa jua meza kubwa zaidi.

Kisima kirefu hakina shida hiyo. Hakinyonywi na jua, na mvua ikikosa msimu mmoja hakitikisiki sana. Tena hakihitaji kuwa na nguvu za ajabu: kisima cha lita 2,000 kwa saa, kikisukumwa na sola saa saba, kinatoa zile lita 14,000. Kwa uhakika wa maji mwaka mzima kisima kinashinda, na anayelikataa hilo hasemi kweli. Kinachotakiwa ni kupimwa kwa kusukuma maji mfululizo kabla ya kununua pampu, ili mjue kinatoa lita ngapi bila kukauka, na karatasi ya matokeo ibaki kwa kamati. Mchimbaji asiondoke nayo.

Shimo la majaribio

Ardhi ya Nakuru ina majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu katika sehemu nyingi. Mvua ikinyesha, ardhi hiyo hunywa maji kama sifongo. Silanga likichimbwa hapo litajaa Mei na kufikia Julai limebaki matope, na watu wataanza kulaumu mkandarasi au kusema mahali pale pana mkosi. Hapana mkosi. Pana udongo usioshika maji.

Vipimo vyenyewe havihitaji maabara. Chukua konzi ya udongo kutoka kina cha mita moja na zaidi, uloweshe, uufinyange uwe kama kamba nene kama kidole. Ikijikunja bila kukatika, mfinyanzi upo. Ikivunjika, udongo huo ni wa kuotesha viazi. Kisha tia udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha siku nzima: mchanga hushuka kwanza, mfinyanzi mwisho, na unaona kwa macho kila kimoja ni kiasi gani. Kipimo cha tatu watu wengi hawakijui, nacho ndicho kinachookoa tuta. Dondosha kibonge kikavu cha udongo kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Kikikaa au kikabomoka taratibu huku maji yakibaki maangavu, vizuri. Maji yakigeuka maziwa yenyewe, udongo huo hutawanyika ukiguswa na maji, na tuta lililojengwa nao hutobolewa kutoka ndani na mkondo mdogo usioonekana hadi siku linapoanguka.

Mwisho chimbeni shimo la kimo cha mtu pale pale maji yatakapokaa, mlijaze maji jioni, mlijaze tena asubuhi mpaka kuta zilowe, kisha mwone yanashuka kwa kasi gani. Likikauka kwa siku moja, jibu mmelipata kwa bei ya jembe na jasho.

Silanga la zamani lina faida kubwa hapa, maana miaka yote limeshajipima lenyewe. Kama wazee wanakumbuka lilikuwa likishika maji hadi Februari kabla ya tope kulijaza, udongo wake ni mzuri. Kuwa makini wakati wa kufukua tu: tingatinga likizama zaidi ya tope na kukwangua ule mfinyanzi wa chini, mtakuwa mmeitoboa ndoo wenyewe.

Tuta linaweza kuua

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Usiku wa Jumatano tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo katika shamba moja la Solai, kaunti yetu hii hii, lilipasuka baada ya mvua nyingi. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa watoto na akina mama. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka tena usiku huko Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Mwanzoni wengi walisema ni bwawa limepasuka. Ilielezwa baadaye kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya chini yake kuziba. Kwa maneno mengine, tuta lisilo na njia ya kutolea maji hugeuka bwawa hata kama hakuna aliyepanga liwe bwawa.

Sababu kubwa ya mabwawa ya udongo kubomoka ni maji kupita juu ya tuta. Udongo ulioshindiliwa vizuri huhimili maji yanayousukuma ubavuni, lakini maji yakianza kutiririka juu yake huukata kama wembe. Kwa hiyo kitu cha kwanza kudai kwa mhandisi ni mfereji wa maji ya ziada: mpana, uliochongwa kwenye ardhi asilia pembeni mwa tuta, wenye nyasi au mawe, na sakafu yake ikiwa kama mita moja chini ya mgongo wa tuta. Mvua moja ya milimita 40 juu ya kilomita moja ya mraba, hata ikitiririka sehemu moja tu kati ya kumi, inaleta mita za ujazo 4,000. Hilo ni silanga letu zima kwa alasiri moja. Na kama lilikuwa limeshajaa?

Tuta nalo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa kila mita moja ya kwenda juu, upande wa maji ulale mita 3, upande wa nje mita 2 na nusu. Tuta la mita 5 lenye mgongo wa mita 4 lina kitako cha zaidi ya mita 30. Chini yake uchimbwe mtaro hadi udongo usiopitisha maji, ujazwe mfinyanzi, na kila tabaka la sentimita 15 hadi 20 lishindiliwe likiwa na unyevu kabla ya jingine. Mkandarasi anayemwaga malori kumi ya udongo mkavu kisha kupita juu yake na trekta anawajengea kaburi. Baada ya hapo ni nyasi tu juu ya tuta. Miti hapana, hata ya matunda, kwa sababu mizizi ikioza inaacha mabomba ndani ya tuta. Mashimo ya fuko na vichuguu vya mchwa vifukuliwe na kushindiliwa mara vinapoonekana.

Kisima kirefu hakiui mtu namna hiyo. Kama chini ya mahali mnapotaka tuta kuna nyumba, shule au barabara kwenye njia ya maji, mizani inaegemea kisima kwa uzito mkubwa, hata kikiwa cha maji ya kufulia tu. Silanga pia huzamisha watoto wanaokwenda kuogelea. Ua wa miiba na birika la kunyweshea mifugo nje ya ua viwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza.

Pesa, na nani atakarabati

Kisima kirefu kitagharimu mamilioni ya shilingi ukijumlisha uchunguzi wa kitaalamu wa maji ya ardhini, kuchimba, mabomba, pampu, sola na tangi. Silanga jipya nalo si rahisi, kwa maana tingatinga hutoza kwa saa. Tofauti kubwa iko baadaye. Pampu ikiharibika imeharibika yote. Ipo chini sana, inahitaji gari la kuinulia na fundi wa mjini, na kijiji kinasimama kikitazama tangi tupu. Nimeona kisima kimoja kizuri kikikaa kimefungwa kwa sababu waliokuwa wakikusanya pesa kwenye kioski hawakuweka akiba ya pampu. Wahusika sitawataja, lakini kosa linaweza kuwa letu sote.

Silanga huharibika polepole, kwa tope, na jembe linalitengeneza. Mtu mmoja akichimba na kubeba mita mbili za ujazo kwa siku amefanya kazi ya haki. Kutoa mita 1,000 za tope ni siku 500 za mtu mmoja, au siku sita na kidogo kwa kila familia kati ya zile 80. Harambee ya jembe inawezekana kiangazi, silanga likiwa kavu. Lakini mkifukua bila kupanda nyasi na kuchimba makinga maji kwenye mashamba ya juu, tope litarudi misimu michache tu. Kazi ya silanga nusu yake iko mlimani, kwa watu ambao pengine hawanywi maji yake. Hao waalikwe kikaoni kabla ya wote.

Karatasi msiziruke. Vyote viwili, kisima na bwawa, vinataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na cha NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kwa silanga la zamani ongezeni jambo moja: ramani ya shamba. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa na kampuni za kununua ardhi, mabwawa mengi yaliachwa kama maji ya umma, na baadhi leo yamezungushiwa ua na mtu mmoja. Hakikisheni kipande hicho bado ni cha umma kabla ya kutoa shilingi moja.

Njia nyingine, kwa ufupi

Karatasi nene ya kutandika kwenye shimo inafaa pale udongo unapovuja, lakini ni ya mwenye shamba mmoja na mboga zake. Kwato za ng'ombe na jua huimaliza, na kuta zake ni utelezi hatari kwa mtoto. Tangi la maji ya paa ni dogo lakini lina thamani kubwa: paa la mabati la mita za mraba 50 kwenye mvua ya milimita 900 kwa mwaka linaweza kukupa kama lita 36,000, na maji hayo karibu hayana floraidi kabisa. Ndugu zetu wa Kakamega na Vihiga wana chemchemi, na kuijengea chemchemi vizuri kutawafaa kabla ya kufikiria tuta. Wa Kisumu wenye udongo mweusi wana mfinyanzi wa kutosha, ila udongo ule hupasuka ukikauka, na karibu na ziwa mbu wa malaria na konokono wa kichocho lazima wahesabiwe kwa uzito kuliko huku kwetu juu.

Kwetu itakuwaje

Sampuli zetu zikirudi juu ya kipimo, nitapiga kura ya silanga kwa ng'ombe, bustani na kufulia, na matangi ya paa shuleni na kwenye zahanati kwa maji ya kunywa ya watoto. Chini ya tuta, mita kadhaa kutoka kitako chake, tutachimba kisima kifupi chenye pampu ya mkono, ili maji ya nyumbani yachujwe na udongo badala ya kutekwa kwenye matope. Zikirudi chini ya kipimo, nitaunga mkono kisima kirefu, na silanga tulifukue kwa jembe kidogo kidogo kwa ajili ya mifugo.

Vyovyote itakavyokuwa, kuna kazi moja isiyosubiri sampuli. Mfereji wa maji ya ziada wa silanga letu umeziba kwa vichaka, na mtu amepanda mahindi ndani yake. Nimeomba watu kumi waje na mapanga na majembe kabla Februari haijaisha. Mwenye mahindi nimeshaongea naye, na amekubali kuvuna mabichi.